Nyundo, mizani na bando la buku

"Fundi, nataka tovuti kama ya wale wa Dar."

Wakili aliyeniambia hivyo alikuwa ameketi nyuma ya meza iliyofunikwa na majalada, ghorofani, katikati ya mji wa Tanga, feni inazunguka kwa uvivu na madirisha yako wazi upepo wa bahari uingie. Nikamuuliza, mteja akishaifungua hiyo tovuti, afanye nini? Akanitazama kama mtu aliyetegwa kwa swali. Kisha akasema: "Waone tupo."

Nimejenga tovuti kwa miaka kadhaa hapa mjini, za shule, za wasafirishaji, za nyumba za wageni kule Raskazone, na sijapata kusikia maneno mawili yanayoeleza vizuri hivyo kwa nini tovuti nyingi za mawakili hazina kazi. Basi nikamjengea alichotaka. Nilinunua kiolezo cha WordPress, ile programu ya kujengea tovuti, kilichotengenezwa mahsusi kwa mawakili, nikabadilisha rangi, nikaweka nembo. Juu kabisa kukawa na picha tano zinazopishana: nyundo ya jaji, mizani, mwanamke aliyefungwa kitambaa machoni, nguzo za jengo la Kirumi, na watu wa suti wakipeana mikono ambao hata mmoja wao huwezi kumkuta Barabara ya Nane. Chini yake aya za Kiingereza kwamba ofisi hii ina weledi, uadilifu na uzoefu. Nikalipwa, tukanywa chai, nikaondoka.

(Ile nyundo, kwa kweli, hata si yetu. Mahakama za Uingereza, ambako utaratibu wetu wa kimahakama umetoka, hazina desturi ya jaji kugonga nyundo mezani. Tumeipata kwenye filamu za Kimarekani. Hapa kwetu nyundo ni ya dalali wa mnada, na mtu anayedaiwa na benki akiiona picha ile kwenye simu yake, anachokumbuka ni nyumba yake.)

Miezi miwili baadaye nilirudi pale kurekebisha jambo dogo. Kwenye ngazi nikamkuta mama mmoja wa Mabokweni, bahasha ya kaki kwapani, anahangaika na simu. Nikamwamkia. "Marhaba, mwanangu. Hebu nisomee hapa, mie kwangu inazunguka tu." Kioo cha simu kimepasuka pembeni, na katikati ya ule mpasuko ninaiona kazi yangu mwenyewe: gurudumu linazunguka, ukurasa mweupe. Picha tano, kila moja MB 4. Yaani MB 20 zimeshuka kabla hajasoma neno hata moja. Bando lake la buku lilikuwa linaliwa na nguzo za Kirumi.

Ilipofunguka akauliza swali ambalo mimi na wakili hatukulifikiria hata mara moja kwa wiki tatu za kazi: "Wapi wamesema nilete nini?"

Hakuna pahala. Mumewe amefariki, anataka kufungua mirathi Mahakama ya Mwanzo, na mwanawe aliye Mombasa amemwambia atafute jina la ofisi mtandaoni aone vinavyotakiwa. Alikuwa na kitambulisho chake na karatasi za nyumba. Cheti cha kifo amekiacha kabatini. Muhtasari wa kikao cha familia haujaandikwa, hakujua kama unahitajika. Karani akamweleza kwa dakika tatu, kwa upole, na mama akashuka ngazi kurudi Mabokweni. Yeye hayupo mbali. Lakini wapo wanaotoka Songe kule Kilindi, wapo wanaoteremka kutoka Lushoto alfajiri. Mji wetu sifa yake ni waja leo waondoka leo. Basi hawa kweli huondoka leo, ila mikono mitupu, na nauli imekwenda.

Nikimweleza wakili haya, jibu lake la kwanza ndilo nililolisikia pia kwa wenzake watatu au wanne: sisi haturuhusiwi kujitangaza. Ni kweli. Maadili ya uwakili Tanzania hayamruhusu wakili kujinadi wala kuwawekea watu wapiga debe kama wale wa stendi ya Kange. Anayevunja miiko anaweza kujikuta mbele ya kamati ya nidhamu. Kwa hiyo wengi wanaona tovuti ni jambo la kwenda nalo kwa tahadhari: weka jina, weka picha, weka Kiingereza kizuri, nyamaza.

Mimi naona wamelisoma katazo kinyume. Hebu angalia kiolezo nilichonunua kilitoka wapi. Mwaka 1977 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, katika shauri la Bates dhidi ya chama cha mawakili cha jimbo la Arizona, kwamba mawakili hawawezi kuzuiwa moja kwa moja kutangaza huduma zao. Mawakili wawili wa Phoenix walikuwa wametoa tangazo gazetini lenye bei za kazi za kawaida, kama talaka isiyo na mgogoro. Tangu hapo soko la kule limekwenda mbali: mabango ya barabarani, matangazo ya televisheni, namba za simu za kuimba. Violezo vinavyouzwa mtandaoni vimezaliwa kwenye soko hilo. Ndiyo maana vina nafasi ya kuandika "tumeshinda kiasi gani", nafasi ya wateja kusifu, nafasi ya nyota tano. Wakili wa Tanga akikinunua kiolezo hicho lazima azifute nafasi zote hizo, maana miiko inamkataza. Akishazifuta, kinachobaki ni picha. Kisha analalamika kwamba miiko imemnyima tovuti.

Ondoa majigambo, ondoa shuhuda za wateja (ambazo hata bila kanuni ni kuanika siri za watu), ondoa hesabu za ushindi. Bado una kitu ambacho sijawahi kusikia wakili akikatazwa kukisema: sheria yenyewe. Katazo limekuchorea ramani ya tovuti bure. Linakwambia usiongee habari zako. Basi ongea habari za mteja.

Na mteja kitu cha kwanza anachokosa ni siku. Kibarua wa shamba la mkonge aliyeachishwa kazi isivyo halali ana siku 30 kupeleka malalamiko yake CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Aliyeshindwa Mahakama ya Mwanzo ana siku 30 kukata rufaa Mahakama ya Wilaya. Msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na Mahakama ya Mwanzo anatakiwa ndani ya miezi 4 kupeleka orodha ya mali na madeni, na wengi hawajui hadi ndugu wamlalamikie. Haya ni mambo ya sentensi moja moja. Yakikaa ukurasa wa mwanzo kwa herufi kubwa, yanasomeka hata kwenye simu ya kioo kilichopasuka.

Wakili mmoja alinijia juu hapa. "Fundi, nikiwapa bure, watanijia kwa lipi?" Nikamuuliza kazi gani inamchosha zaidi. Akacheka, akasema maombi ya kuongezewa muda: mtu amekaa mwaka mzima akisubiri mjumbe azungumze na mjomba, halafu anakuja na karatasi zimechelewa, na wewe unaanza kuilezea mahakama kila siku aliyochelewa alikuwa wapi. Basi hapo ndipo jibu lilipo. Mtu anayejua ana siku 30 anakuja siku ya kumi. Anakuja na shauri linalopumua.

Ila ukiandika sheria, uandike na tarehe. Tovuti kadhaa nilizopitia bado zinamwelekeza mwananchi apeleke mgogoro wa shamba Baraza la Kata likaamue. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yaliyaondolea mabaraza hayo uamuzi yakayabakishia usuluhishi. Asiyeridhika anakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Ukurasa usiokuwa na mstari wa "umehakikiwa lini" unaweza kumpotezea mtu msimu mzima. Kwenye tovuti za mawakili siku hizi huwa nauweka mstari huo juu, palepale chini ya kichwa, na namwambia wakili kabisa kwamba asipokuwa na mtu wa kuihakiki kila baada ya miezi michache, ni heri tusiandike.

Kuna la vishoka pia. Kila anayeishi karibu na mahakama anawajua: mtu mwenye tai na mkoba, anakaa kibarazani, anakuandikia madai, anapokea pesa, ukimtafuta kesho simu haipatikani. Mahakama ya Tanzania ina mfumo wa e-Wakili ambao mtu yeyote anaweza kutafuta jina na kuona kama huyo ni wakili kweli na kama ameruhusiwa kufanya kazi mwaka huo. Sijui kwa nini ofisi nyingi halali haziutumii. Chini ya picha ya kila wakili weka namba yake ya usajili na kiungo cha kwenda kumhakiki. Hilo huwezi kuliita kujinadi, na kishoka hawezi kulifanya.

Lugha sasa. Marekebisho mengine ya sheria, ya mwaka huo huo wa 2021, yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, na Mahakama ya Mwanzo imekisema siku zote. Tuko Tanga, mkoa aliozaliwa Shaaban Robert, watu ambao ukikosea ngeli kwenye daladala unarekebishwa na kondakta. Halafu mawakili wa mji huo huo wanawaandikia watu wa Makorora na Pongwe Kiingereza. Nimeuliza sababu, na jibu la kweli, lisilosemwa haraka, ni kwamba wanaotarajiwa kuisoma tovuti ni mawakili wenzao na kampuni kubwa. Kampuni zipo, siwezi kubisha. Tangu mradi wa bomba la mafuta ghafi ulipoanza, lile la kilomita 1,443 kutoka Uganda hadi rasi ya Chongoleani, mambo ya ardhi, fidia na mikataba yameongezeka huku kwetu, na mwanasheria wa kampuni ya nje anayetafuta mshirika Tanga atasoma Kiingereza.

Lakini huyo na mama wa Mabokweni hawatafuti kitu kimoja, kwa hiyo kuwatafsiria ukurasa mmoja ni kuwapunja wote wawili. Wa kampuni anataka kujua nani ameshughulikia ardhi, nani bandari, barua pepe yake ipi. Mama anataka kujua alete nini. Huwa natengeneza milango miwili yenye mambo tofauti, na wa Kiswahili ndio unaofunguka kwanza. Na Kiswahili chenyewe kiwe cha kusemeka. "Mleta maombi" na "mjibu maombi" ni sawa mbele ya hakimu, ila kwenye tovuti mwambie mtu "wewe unayedai" na "yule unayemdai".

Sasa nije kwenye fomu, maana hapa ndipo nilipofanya kosa baya kuliko la picha.

Kwenye tovuti ile ya kwanza niliweka ukurasa wa mawasiliano wenye kisanduku kikubwa: "Eleza shauri lako kwa kirefu." Kilikuja na kiolezo, nikakitafsiri, nikajiona nimefanya kazi. Siku moja karani akaniita. Ofisi ilikuwa inamtetea mzee mmoja wa Muheza katika mgogoro wa shamba la michungwa, yeye na mdogo wake. Yule mdogo mtu, asijue kaka yake ameshapita pale, aliijaza fomu usiku mmoja. Akaeleza kila kitu. Nani alishuhudia mauziano, karatasi gani hana, wapi hadithi yake ina tundu. Aya nne. Zikatua kwenye kisanduku cha barua pepe cha wakili wa kaka yake.

Wakili alikasirika, na hasira ilikuwa ya haki. Akishasoma, ameshajua siri ya upande wa pili aliyoipata kwa mtu aliyedhani anaongea na wakili wake. Anaweza kulazimika kujitoa kwenye shauri ambalo mzee amelilipia. Asipojitoa, yule mdogo mtu akijua ana haki ya kupiga kelele. Na yote haya kwa sababu fundi aliona kisanduku kikubwa kinapendeza.

Ukijenga tovuti ya duka, kadiri mteja anavyoandika mengi ndivyo bora. Ya wakili ni kinyume: kabla ya kujua mnagongana au hamgongani, usimwache aseme. Fomu ninayoweka siku hizi ina vitu vinne. Jina lako. Namba ya simu. Jambo lako ni la aina gani: ardhi, mirathi, kazi, ndoa, biashara, jinai. Na jina la mtu au kampuni unayegombana nayo. Juu yake kuna sentensi mbili: usiandike maelezo ya shauri hapa, na kujaza fomu hii hakujatufanya kuwa mawakili wako. Karani anaangalia jina la upande wa pili kwenye daftari la wateja kabla hata ya kupiga simu. Daftari la kawaida kabisa la kaunta. Kwa ofisi ya mawakili watatu linatosha.

Tulipochimba zaidi tukagundua barua za fomu zilikuwa zinakwenda kwenye anuani ambayo nywila yake anayo kijana aliyefanya mazoezi ya kazi pale akaondoka. Kijana mwaminifu, hakufanya lolote. Lakini tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ianze kutumika, Mei 2023, anayekusanya taarifa za watu anatakiwa kujisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na kuzilinda taarifa hizo, na ofisi ya mawakili ndiyo ya mwisho duniani inayoweza kusema haikujua.

Na WhatsApp je? Wateja wote wako huko, na kitufe cha WhatsApp kinabofywa kuliko fomu yoyote. Nakiweka. Ila kiende kwenye simu ya ofisi inayolala ofisini, isiwe ya karani anayekwenda nayo nyumbani watoto wakaichezea.

La mwisho ni aibu ya mafundi, na nalisema mwenyewe kabla sijasemwa. Kikoa, yaani lile jina la tovuti linaloishia na .co.tz, mara nyingi fundi hulisajili kwa jina lake na barua pepe yake kwa sababu ni haraka. Nimefanya hivyo. Siku mkigombana, au fundi akihamia Mwanza, au akisahau tu kulipia mwaka, ofisi inapoteza jina na barua pepe zote zilizofungwa kwenye jina hilo. Watu wanaowasomea wengine mikataba mchana kutwa wanakubali hili bila hata karatasi moja! Jina lisajiliwe kwa ofisi, nywila ziandikwe, ziwekwe kwenye kabati la chuma pamoja na mihuri. Fundi apewe ufunguo wa kufanyia kazi, hati ibaki kwa mwenye nyumba.

Halafu lile la "waone tupo". Nilimwonyesha wakili wangu jambo moja: niliandika jina lake kamili kwenye Google. Haikuja tovuti yangu. Zilikuja hukumu zilizopandishwa TanzLII, ambako mahakama huziweka hadharani, na jina lake limeandikwa kama wakili wa upande huu au ule. Ya kwanza juu ilikuwa rufaa iliyotupwa kwa kuchelewa. Akakaa kimya, akajikuna kidevu. "Kumbe tunaonekana."

Tukaanza upya. Ukurasa wa mwanzo sasa una maswali sita ya Kiswahili na majibu yake, namba za usajili za mawakili, saa za ofisi, na jinsi ya kufika kutoka stendi. Mirathi ndiyo inayofunguliwa zaidi, na orodha ya vya kuleta tumeipangilia isomeke kwenye skrini moja mtu aipige picha. Wote wawili tuliridhika, isipokuwa pahala pamoja.

"Nyundo iache, fundi," akasema. "Bila nyundo watajuaje ni wakili?"

Nikabishana kidogo, nikachoka. Nyundo ipo, pembeni kule chini. Nimeibana hadi KB 40.